Upande wa Pétronille

Watu wa Kimanga wana midomo. Mtu akifiwa, ndio wa kwanza kuleta viti na masufuria, hilo siwanyimi. Lakini ndio hao hao wa kwanza kukaa vizuri waangalie nani analia kweli na nani anajifuta kamasi tu. Kwa hiyo siku alipozikwa Pétronille, muuza ndagala wa ziwani ambaye nusu ya mtaa walikula mkononi mwake, habari iliyotembea jioni ile haikuwa ya Pétronille hata kidogo. Ilikuwa ya mume wake Ildephonse, dereva wa siku nyingi wa njia ya Uvira na Bukavu, aliyesimama kando ya kaburi macho makavu, mikono mfukoni, kama mtu anayengoja bariera ifunguliwe apite.

Hakulia makaburini. Hakulia nyumbani wakati wa matanga, wanawake walipoimba mpaka majirani wa ng'ambo ya barabara wakatoka nje. Rémy, kaka mkubwa wa marehemu, mkulima wa mpunga huko Lubarika, alimkazia macho muda wote. Siku ya kuvunja matanga uvumilivu ukamwishia, akasema mbele ya watu, sahani ya sombe ikiwa magotini:

"Shemeji, minye nimelia dada yangu mpaka sauti ikapotea. Weye machozi yako uliyaweka wapi?"

"Sijui," Ildephonse akajibu.

Watu wakaona ni jeuri. Haikuwa jeuri, alikuwa hajui kweli. Alijitafuta ndani akakuta mambo yako kama jino lililochomwa sindano na daktari: unaligusa kwa ulimi, unajua lipo, lakini halisemi kitu. Alikula alichopewa, akalala alipotandikiwa, akaamka. Kitu kimoja tu ndicho kila mtu alikiona kimebadilika. Tangu siku ile Ildephonse hakupanda gari tena, iwe yake, iwe ya jirani, iwe ya bure. Akaweka meza kando ya barabara, akapanga chupa za mafuta ya kuuzia wenye pikipiki, akawa mmoja wa wale tunaowaita kadhafi. Akitaka kwenda mahali alikwenda kwa miguu, na mahali miguu isipofika hakwenda.

Ungemjua zamani ungesema umeonyeshwa mtu mwingine. Ildephonse alikulia ndani ya gari. Baba yake, mzee Ndayiragije, alikuwa na Pejo 404, ile ya familia tuliyoiita familiali, yenye mistari mitatu ya viti na vijibawa viwili nyuma, kama vile Wazungu walifikiri siku moja itaruka. Mbele kulikuwa na kiti kimoja kirefu kama benchi la kanisa, na levya ya vitesi, ule mkono wa kubadili gia, ilitokea pembeni ya usukani, volani kwetu, basi watatu walikaa pale bila goti kugusa chuma. Mama yake Ildephonse alikaa katikati, bega kwa bega na mumewe. Mzee alipobadili vitesi, kiwiko chake kilimgusa mkewe, na mkewe akasema, "Angalia njia, mzee." Hayo ndiyo mapenzi ya wazee wetu, usitafute mengine.

Halafu ikaja 504. Wazungu walikuwa wameinyoosha ile gari, wakaondoa mabawa, wakaipa taa za mbele zilizolala pembeni kama macho ya mtu anayekutania. Nyuma iliwekewa spiringi mbili mbili kila upande, na hapo ndipo watu wa bonde la Ruzizi walipoipenda kupita kiasi. Walipakia mihogo, walipakia mpunga wa Sange, walipakia mbuzi, na juu ya mbuzi watoto, na gari ikainama kidogo tu kwa adabu, ikaondoka. Ildephonse aliipata akiwa kijana, na ndiyo aliyoendea Lubarika kumchukua Pétronille kwa wazazi wake. Pétronille alitoka na sanduku lake la bati, akazunguka gari, akafungua mlango wa mbele upande wa kuume, akakaa. Akatazama kushoto akamwona bwana harusi wake ameshika volani, akatazama kuume akaona dirisha.

"Hapa ndipo pangu," akasema.

Hakutania. Siku za soko alikwenda na mumewe, mabeseni ya ndagala nyuma, yeye mbele pale pale. Abiria yeyote aliyewahi kiti kile alihamishwa. Alihamishwa mwanajeshi na bunduki yake, alihamishwa mtu wa duane, yule wa ushuru, na siku moja alihamishwa pasta, tena mbele ya kondoo zake. Ildephonse alikuwa anasema maneno mawili tu, "Kuko mwenyewe," halafu anawasha injini na kungoja.

Vita ya kwanza ilipofika, wenye bunduki waliichukua 504 na haikurudi. Miaka ikapita ya kusukuma maisha hivi hivi, kisha Ildephonse akapata 505. Ukoo ni ule ule, mistari mitatu ile ile, ila sasa gari imekuwa na pembe pembe kama kabati, viti vinakumeza ukikaa, na levya ya vitesi imeshuka kutoka kwenye volani, imesimama chini katikati ya watu wawili. Pétronille aliitazama ile levya siku ya kwanza, akasema, "Huyu naye ni nani, amekuja kukaa kati yetu?" Ildephonse alicheka mpaka akasimamisha gari. Baada ya 505 ikaja 406 ya mkono wa pili, ya chini chini, laini, na katikati ya viti hakukuwa na levya tu, kulikuwa na sanduku zima la kuwekea mkono. Kila kizazi cha gari ile kilimsogeza mke mbali kidogo. Hakuna aliyelitilia maanani wakati ule. Nani anapima mambo kama hayo, ikiwa mtu yupo na anaongea?

406 ilikuja na kompyuta ndani. Siku moja ikawasha taa ya njano, na Uvira nzima wakati ule hakukuwa na fundi mwenye mashine ya kuiuliza inataka nini. Mashine ilikuwa Bujumbura, na mpaka ulikuwa unafungwa na kufunguliwa kama mdomo wa samaki. Gari haikuwa mbaya, ni sisi hatukuwa na cha kuongea nayo. Ikalala uani, kuku wakaingia wakataga kwenye kiti cha nyuma. Na abiria nao walikuwa wameshahama. Njia yote ilikuwa imejaa gari za Japani zenye volani kuume, ambazo Ildephonse alikuwa amezitukana kwa miaka.

"Muntu gani anakaa upande wa mutaro, halafu anasema iko naendesha?" alikuwa anauliza, na madereva wenzake wakafa kwa kicheko.

Mwisho akanunua ya kwake. Angefanya nini, watoto wale mawe?

Kwa asiyejua, sisi huku tunatembeza gari mkono wa kuume wa barabara. Dereva wa gari ya Japani basi anakaa upande wa majani, na akitaka kulipita lori la mbele haoni kitu mpaka gari nzima imetoka nje. Ndiyo maana madereva wetu humuuliza aliyekaa mbele kushoto. Kazi hiyo ikamwangukia Pétronille. Alihamia kushoto, kwa sababu kiti cha mbele kilikuwa huko, akawa ndiye macho ya mumewe. Ildephonse anauliza, "Iko wazi?" Naye anachungulia, anasema, "Kuko fuso. Ngoja. Sasa pita." Aliifanya kazi ile vizuri sana, na aliringa nayo. Aliwaambia wanawake wa soko kwamba sasa na yeye ni dereva, ila hana karatasi.

Siku yenyewe walikuwa wanatoka Sange. Walisimama Kavimvira kununua makala, makaa ya kupikia. Ildephonse akashuka upande wake, upande wa majani, akaanza kusalimiana na mwenye makala. Pétronille naye, beseni tupu magotini, akafungua mlango akateremsha miguu jinsi alivyoiteremsha tangu siku ile ya Lubarika, bila kugeuka nyuma. Aliweza kutazama mbele kwa ajili ya mumewe, hilo lilikuwa kazi. Lakini kushuka kwenye gari si kazi, ni mwili tu, na mwili wake ulijua kwamba nje ya mlango wa Pétronille kuna nyasi na wanawake wenye ndizi. Haukujua kwamba kuna barabara. Lori la simenti lilikuwa linapita. Dereva wake hakuwa na kosa, walisema wote waliokuwepo, na Ildephonse mwenyewe alisema hivyo. Kosa lilitafutiwa mwenyewe likamkosa.

Sasa turudi kwenye meza ya chupa, maana hapo ndipo Déborah alipomfuata baba yake mwaka uliofuata. Déborah ni binti yao wa mwisho, mwenye sura ya mama yake na ubishi wa mama yake, na alikuwa ameposwa na Patient, kijana wa Sange mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Ndoa ilikuwa inafungwa kanisani kwao huko Sange, Jumamosi iliyokuwa inakuja. Alivuta ndoo akaigeuza, akaikalia.

"Baba, kanisa iko Sange," akasema. "Sange si Mulongwe hapa, kwamba utaenda tu na miguu."

"Nitaenda na miguu."

"Na suti? Na lile jua la bonde?"

Ildephonse akapanga chupa ambazo zilikuwa zimepangwa. Pikipiki ikasimama, akaimwagia mafuta, ikaenda. Déborah alingoja mpaka kelele ikaisha.

"Wajomba wamesema usipokuja, mjomba Rémy ndiye atanishika mkono aniingize. Minye sitaki mkono wa mjomba. Lakini sitakusukuma, baba. Nikiingia na mjomba, basi, nitaingia na yeye. Na sitakuja tena hapa kukuomba kitu."

Alisema bila hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Hasira ingekuwa na mwisho. Ildephonse alimtazama, akaingoja hofu ije. Haikuja. Alielewa kwa kichwa tu, kama unavyoelewa habari ya redio: mtoto huyu anaondoka, na asipopanda gari Jumamosi hatakuwa naye tena, atabaki anauza mafuta hapa mpaka azeeke. Na jambo lililomsumbua ni kwamba aliona wazi kuwa hata hilo halitamuuma. Atampoteza Déborah jinsi alivyompoteza mama yake, macho makavu, mikono mfukoni, na kesho yake atakula vizuri.

"Nimesikia, mama," akamwambia. Alikuwa anamwita hivyo tangu utoto, mama.

Alijaribu, msifikiri hakujaribu. Siku ya pili alimsimamisha jirani aliyekuwa anaenda Kavimvira na gari nusu tupu. Akaingiza mguu mmoja. Mguu wa pili ukabaki chini. Si kwamba alitetemeka au alitoka jasho, hapana, mguu ulikaa tu pale kama wa mtu mwingine. Jirani akapiga honi kwa heshima, mara moja, halafu mara ya pili bila heshima. Ildephonse akautoa mguu wa kwanza, akasema aksanti, akarudi kwenye meza yake.

Jumamosi asubuhi Kimanga nzima ilikuwa barabarani. Wengine walikuja kumwona bibi harusi. Wengi walikuja kumwona Ildephonse, wala wasikatae. Alitoka amevaa suti ya kahawia aliyooshewa na kupigiwa pasi, viatu vinang'aa, ndevu amenyoa. Uso wake haukuwa na habari yoyote.

Gari ya kuwachukua ililetwa na Ornella, dada mkubwa wa bwana harusi, mwanamke anayefanya kazi Bujumbura na anayeendesha mwenyewe. Ildephonse alipoiona alisimama. Alikuwa hajaambiwa ni gari gani. Ilikuwa Pejo, simba yule yule puani, lakini imekuwa ndefu kwenda juu kama jipu, kifua mbele, taa zake nyembamba kama kucha. 5008, Ornella alisema. Ndani, mistari mitatu. Ukoo ni ule ule, basi, umekwenda shule ukarudi umenenepa. Volani yake ndogo kama sahani ya mtoto. Ufunguo hakuna, kuna kitufe. Levya ya vitesi nayo hakuna, kuna kitu kidogo unachosukuma kwa kidole. Mzee Ndayiragije angeshuka akatafute injini iko wapi. Na volani ilikuwa kushoto.

Déborah alikuwa ameshaingia mstari wa katikati, gauni limejaza viti vyote, msimamizi wake amebanwa mlangoni kama mtoto wa kambo. Nyuma kulikuwa na mashangazi na masufuria. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja, mbele, kuume.

"Baba Déborah, karibu mbele," Ornella akasema.

Sasa hilo ndilo lililokuwa jipya. Katika Pejo zote za maisha yake, tangu alipojua kushika volani, Ildephonse alikuwa hajawahi kukaa pale. Akasimama. Déborah hakumwita, hakugeuka, alitazama mbele tu kupitia kioo, na shingo yake ilikuwa imekaza.

Ornella aliijua habari yote, nani hajui. Akainama kutoka kwenye kiti chake, akasema polepole, kwa Ildephonse peke yake, "Baba, hii si ya volani kuume. Ukishuka, unashukia kwenye majani."

Mguu haukusogea.

Ndipo shangazi mmoja wa bwana harusi, mwanamke mnene mwenye kitenge cha kumetameta, ambaye alikuwa amekosa nafasi nyuma na jua limeanza kumchoma, akaja akashika mlango wa mbele. "Kama baba iko anakatala," akasema, "minye nakaa hapo. Tutachelewesha watu wa Mungu bure."

"Kuko mwenyewe," Ildephonse akasema.

Yalimtoka tu. Aliyasikia kama wengine walivyoyasikia. Shangazi akaachia mlango. Na kwa kuwa mtu akishasema kiti kina mwenyewe lazima mwenyewe akae, Ildephonse akaingia, mguu wa kwanza na wa pili, akafunga. Nyuma yake Déborah alivuta pumzi ndefu, gauni lote likalia.

Nitasema ukweli, hakuna kilichotokea. Alikuwa ameogopa mwaka mzima jinsi atakavyojisikia, na hakujisikia kitu. Gari iliondoka bila kelele. Ziwa lilikuwa kuume kwake, la bluu, na wanawake wanafua, na hakuna lolote moyoni. Walipofika Kavimvira alitazama kuume. Pale penyewe, ukienda Sange, pako kushoto, na hakugeuza kichwa. Ila aligundua kwamba mguu wake wa kuume unakanyaga sakafu kila Ornella anapochelewa kushika freni. Pétronille alikuwa anafanya hivyo hivyo, na yeye alikuwa anamcheka, anamwambia ataitoboa gari. Akauondoa mguu. Baada ya kona ukarudi.

Huko mbele, Runingu, ng'ombe walikuwa wanavuka barabara na Ornella akasimama. Mara wanawake wenye ndizi na nyanya wakaja dirishani, upande wa kuume, upande wa majani, ndipo wanapokaa siku zote. Ildephonse alikuwa amepita Runingu tangu ujana wake. Aliijua kila kona yake na kila shimo lake. Wanawake wale hakumjua hata mmoja, maana dereva anatazama njia.

Mmoja wao, mtu mzima, kitambaa cha kijani kichwani, akainama, akamtazama, akatabasamu.

"Ee, si bwana wa Mama Déborah? Zile siku za Pejo, siye huku tulizoea kukuona sikio tu." Akawageukia wenzake. "Huyu ndiye yule. Ndiye mwenye hasikii kitu akiendesha."

"Nani alisema sisikii?" Ildephonse akauliza.

"Yeye mwenyewe. Alikuwa anasema, ongeeni tu, huyu wangu akishika volani ni kama hayuko." Mwanamke akacheka, akaingiza kichwa kidogo dirishani, akaona gauni jeupe. "Na Déborah iko anaolewa. Alituambia siku ataolewa, kitenge gani tutavaa. Mtoto wangu wa tatu, huyu mama ndiye alimpa jina, hapa hapa, gari imesimama. Leo amekaa wapi? Amekuachia kiti chake?"

Kumbe hakujua. Na angejuaje, nani alikwenda Runingu kumwambia? Ildephonse alitazama ile mikono iliyoshika ukingo wa mlango, mikono iliyozoea kushika pale. Tangu siku ya Kavimvira, neno lile lilikuwa linasemwa na watu wengine. Pasta alilisema, Rémy alilisema, Kimanga nzima ililisema. Yeye alikuwa hajaombwa na mtu alitamke.

"Amekufa," akasema. "Pétronille amekufa."

Sauti ilitoka sawasawa, kama anataja bei ya chupa. Mwanamke alimtazama kuona kama ni mzaha. Kisha mkono wake ukaachia mlango, ukashika mkono wa suti ya kahawia, ukaukamata na kuung'ang'ania. Hakupiga kelele. Alisema, "Yooo," chini chini, mara moja, na wenzake nyuma yake wakaweka mabeseni chini. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kuvuka. Ornella hakuondoa gari. Mwishoni mwanamke alichukua mkungu mdogo wa ndizi akauweka magotini mwa Ildephonse, juu ya suti, kama alivyokuwa anamwekea mwingine, akarudi nyuma.

Kutoka pale mpaka Sange Ildephonse alitazama kuume. Aliona watu wakisogea kandokando ya barabara gari ilipopunguza mwendo: mwenye vikapu, mwenye maboga, mlemavu mwenye redio, bibi mwenye mbwa. Kila mmoja aliinama kidogo akichungulia dirisha lile, akaona si yeye, akainuka. Kulikuwa na maisha mazima upande ule, marefu kama barabara yenyewe, na yeye alikuwa ameyapita kwa miaka yote akiwa umbali wa kiti kimoja. Alijua kwamba hilo ni jambo la kuumiza. Alilishika kama alivyoushika ule mkungu, uzito tu, bila jina.

Kanisa la Sange lilikuwa limejaa mpaka madirishani. Rémy alikuwa amekaa mstari wa mbele na watu wa Lubarika, na alipomwona shemeji yake anaingia na Déborah mkononi alinyoosha shingo, kwa sababu alikuwa bado anayatafuta yale machozi. Hakuyaona. Ildephonse alitembea kama anavyotembea kwenda kuteka maji. Déborah ndiye aliyekuwa ameshika mkono wa baba yake kwa mikono yake miwili.

Pasta alikuwa amewafundisha maneno siku ya mazoezi, kupitia simu. Yeye atauliza, baba atajibu, "Ni mimi, baba yake." Mepesi.

"Ni nani anayemtoa binti huyu aolewe?" pasta akauliza.

"Ni siye," Ildephonse akajibu.

Pasta akangoja, akifikiri mzee amekosea. Akamnong'oneza, "Ni mimi, baba yake."

"Hapana," Ildephonse akasema, kwa sauti ile ile ya kawaida, na kanisa lote likasikia. "Ni siye na mama yake. Tumekuja pamoja."

Rémy aliweka uso wake mikononi, akalia hapo kwenye benchi la mbele, mabega yakipanda na kushuka, mpaka mkewe akamfunika kwa kitenge. Watu wa Lubarika walilia naye. Déborah alilia, na Ornella, aliyekuwa amesimama mlangoni na rimoti ya gari yake mkononi, alilia.

Ildephonse hakulia. Aliutoa mkono wa binti yake akautia katika mkono wa Patient, kisha akaenda kukaa kwenye benchi aliloandaliwa. Msimamizi mmoja alitaka kukaa karibu naye, upande wa kuume. Ildephonse akaweka kiganja chake wazi juu ya ile nafasi, akakiacha pale mpaka ibada ikaisha.